Sauti Iliyotangulia Gatumba

Sauti ilifika Gatumba kabla haijatoka Buyenzi. Lubna, fundi wa mtandao, aliangalia namba za ucheleweshaji mara tatu: kwa itifaki ya zamani, yaani kanuni za kusafirisha sauti, milisekunde arobaini, kwa itifaki mpya, hasi mbili. Mtandao gani huo unaofikisha maneno ambayo hayajasemwa? Akalaumu saa za mitambo, akazisawazisha, akaenda zake kula.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Bi Kaltum, mwalimu wa Kurani, miguu ilikuwa imemkatalia, akawa anasomesha wanawake kutoka kitandani kwake Buyenzi. Sauti yake ilitumwa mara moja tu; rauta ziliigawa njiani, ikafika kila nyumba iliyoomba kuipokea, Kinama, Musaga, Gatumba. Lubna alikaa kando yake akipima ni njia ipi inafaa.

Kesho yake, baada ya alasiri, hasi ile ilikuwa sekunde nne. Dalia, ambaye wanawake wa Gatumba walikusanyika kwake kusoma, akapiga simu akinong'ona.

"Lubna, mwalimu anasema mara mbili? Tunamusikia kwanza kwa spika, kisha kwa simu yako."

Siku ya tatu chumba cha Bi Kaltum kilinuka tope la mafuriko ya Gatumba, ingawa sakafu ilikuwa kavu na mvua haikunyesha, na harufu ile ilitoka kwenye maikrofoni, ikazidi, ikamfuata Lubna mpaka dirishani, na simu ilipolia alijua ni Dalia kabla hajaishika.

"Amesema mutusamehe," Dalia alilia. "Amepiga shahada, kisha kimya. Mwalimu yuko muzima?"

Bi Kaltum alikuwa anakunywa chai. Lubna aliogopa, tena sana, maana kila lililotangulia Gatumba mwalimu alikuja kulisema. Akashika waya kuung'oa.

"Uache," alisema Bi Kaltum. "Toka juzi niko kama mutu anasomewa imla. Leo siandiki."

"Mwalimu, hicho kitu kitakuua."

"Kinaomba mi nikubali. Na mi sikubali. Weka maikro hapa."

Mwalimu akafungua mdomo, na midomo yake yenyewe ikaanza kuunda "mutusa...", kifua kikambana, vidole vikawa baridi, na kwenye simu, kutoka spika ya Dalia, sauti ya mwalimu mwenyewe ikamhimiza taratibu, sema, sema kama nilivyosema, mpaka jasho likamtiririka shingoni na Lubna akaanza kulia waziwazi.

"Mutusa..." Bi Kaltum alimeza mate. "Musahafu. Mufungue musahafu. Dalia, jana ulisoma ovyo, uanze wewe."

Namba ikapanda: hasi sekunde tatu, sifuri, milisekunde arobaini na moja. Bi Kaltum akaivuta maikrofoni karibu zaidi.

"Na wewe usiyealikwa," alisema, "hii njia ni ya wanafunzi wangu, siifungi kwa ajili yako. Kama unabaki, kaa nyuma, usome herufi kama wenzako. Alifu."

Gatumba wakaitikia wote kwa pamoja. Kisha, nyuma kabisa, mmoja aliyechelewa akaitikia peke yake.

"Be," alisema Bi Kaltum.