Hereni Pezini

Mume wa dada yetu mkubwa alikuwa bwana samaki, na siku ile ilianza kama siku zake nyingine: kwa kukosa vifaa. Kazi ilikuwa kuwavua kambare wakubwa chini ya maporomoko, kuwatoboa pezi, kuwavisha alama ya bati na kuwaachia, ili ijulikane mwisho wao ni wapi. Alama zilikuwa zimeisha. Makao makuu waliahidi kuleta. Lakini ofisi ile ilikuwa nyumba ya kambare, kila mtu ana ndevu, na hakuna wa kutumwa.

Kambare aliyenaswa alilingana na mtu kwa urefu. Shemeji akajipapasa mfukoni, akakuta hereni ya shaba ya mkewe, aliyokuwa akiipeleka kwa sonara. Akaona si neno. Akaitunga pezini. Samaki hakufurukuta. Alimtazama tu.

Nyumbani dada alicheka, akasema kumbe mke mwenza amekwisha kuvishwa. Hereni iliyobaki akaivaa peke yake, kumkomesha mumewe.

Mvua zikaanza. Wavuvi wakaleta habari kwamba kambare mwenye hereni ameonekana juu ya maporomoko, mahali ambapo kambare wa aina ile hawajawahi kufika. Shemeji akapiga simu makao makuu. Akajibiwa kwa upole kwamba kwa mujibu wa ramani samaki huyo anaishia chini, kwa hiyo huko juu hayupo. Akaulizwa kama analala vizuri.

Halafu akaonekana kwenye mfereji wa mashamba. Halafu kwenye mtaro wa mtaa wao. Kwamba kambare hujikokota nchi kavu penye unyevu, shemeji alilijua. Kilichomtisha ni kwamba huyu hakukosea kona hata moja.

Dada naye akabadilika. Alishinda uani kando ya pipa la maji. Alilala kinywa wazi, kama anayetafuta hewa.

"Mume wangu," alinong'ona asubuhi moja, "kuna mtu ananivuta sikio."

Shemeji hakungoja chai. Alichukua wavu aende kumvua yule kambare na kumtoa hereni kabla hajamchukua mkewe. Mtaroni hakukuta samaki. Alikuta utelezi, mpana kama godoro, umepanda ukingo, umevuka njia, umepita chini ya geti. Geti lake.

Alikimbia.

Mkewe alikuwa ameketi jikoni, mkavu, katulia. Masikioni, hereni mbili.

"Umeipata wapi?"

"Nimekuja nayo."

Sauti ilikuwa yake. Shemeji akarudi nyuma hadi mlangoni. Akamwita kwa jina la utani la siku za uchumba, ambalo hata sisi ndugu hatukulijua. Yule mwanamke hakugeuka.

Uani, ndani ya pipa, kitu kiligonga.

Akaita tena, kwa kunong'ona.

Kikagonga tena.

Tukienda kumtembelea, dada hutupokea vizuri, ila hataji majina yetu. Shemeji hubadilisha maji ya pipa kila asubuhi, na hataki mtu alisogelee. Mimi nililifunua mara moja alipokuwa kazini. Maji yalikuwa meusi, sikuona chini. Lakini ukutani kwa ndani, juu kidogo ya maji, kulikuwa na mikwaruzo mitano mitano.

Kambare hana kucha.