Nukta ya Ukurasa wa Tatu

Duka la vipuri vya elektroniki saa sita mchana halina adabu. Watu wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja na kikaratasi chake, na muuzaji anaita namba utadhani yuko mnadani. Hapo ndipo mikono miwili ilipoidaka pakiti moja ya vipimajoto, ya mwisho iliyobaki.

"Samahani dada, nimetangulia."

"Umetangulia wapi, kaka? Mimi nimesimama hapa mpaka visigino vinaniuma."

Mwanamume akageuka ili amjibu jeuri, akajikuta anamtazama tu. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi na raba nyeupe, na penseli ameichomeka kwenye nywele. Mwanamume mwenyewe alikuwa na shati lililopigwa pasi mbele tu na miwani iliyobandikwa gundi pembeni. Wakagawana pakiti nusu kwa nusu. Walipotoka nje walikuwa wameshapeana namba za simu, na penseli ilikuwa mfukoni mwa mwanamume, sijui iliingiaje.

Kumbe kazi yao moja. Mwanamume alichora saketi, ramani za nyaya, kwenye karakana ya vifaa vya hospitali. Mwanamke alipanga bodi, yaani ile sahani ya kijani inayobeba vipuri, akifanyia kazi nyumbani kwa mama yake, vituo viwili vya basi kutoka karakana. Kila mmoja alitumia programu yake ya kompyuta, na kila mmoja aliiona ya mwenzake takataka.

"Miwani," mwanamke alimwambia kwenye simu, maana jina hilo alishampachika, "hiyo programu yako inachora kama mtoto wa chekechea."

"Na yako, Mhandisi wangu, inataka uisujudie ndipo ifunguke."

"Bora niisujudie hiyo kuliko wewe."

"Haya, utanisujudia ukishakuwa mke wangu."

"Thubutu. Lala, laazizi, kesho kazini."

Penzi likakolea. Mama mtu akaanza kumwita mwanangu, na siku ya kuja kuzungumza na wazee ikapangwa.

Ndipo hospitali ikaagiza king'ora cha vitanda vya joto vya watoto njiti. Kitanda kikizidi joto, king'ora kilie. Mwanamume alichora saketi, na kazi ya bodi akamwombea mchumba wake. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo ingetoka na jina la mwanamke huyo juu yake, na ikienda vizuri hospitali nyingine zingemtafuta.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria. Mchoro ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, unachapwa mara mbili, mara moja kutoka kila programu. Karatasi zinalazwa mezani, mmoja anasoma, mwingine anatia tiki kwa kalamu nyekundu, waya kwa waya. Kazi ya kuchosha kweli. Wawili hao waliianza vizuri, ukurasa wa kwanza, wa pili. Walipofika wa tatu, mwanamke alikuwa ameegemea bega la mwanamume, na nje jua lilikuwa zuri.

"Huu tumalizie kesho," mwanamke akasema.

"Huu nao una nini? Faili imefunguka kwako bila kelele. Twende tukatembee."

Mwanamume akachukua kalamu akaandika chini ya ukurasa wa tatu: imekaguliwa. Akatia sahihi yake. Kesho haikuja.

Bodi arobaini zilitengenezwa. Siku ya majaribio hospitalini, mbele ya muuguzi mkuu na madaktari, kitanda kitupu kikapashwa joto kupita kiasi. King'ora kikakaa kimya. Zikajaribiwa zote arobaini, zote kimya. Bosi wa karakana alitoa leso akajifuta uso bila kumwangalia mtu.

Waliporudi karakana, mwanamume akaufungua mchoro wake. Waya wa kipimajoto ulipokutana na waya wa king'ora palikuwa na nukta nyeusi. Nukta ikiwepo, nyaya zimeungana. Isipokuwepo, zinapishana tu. Akampigia simu mchumba wake, bosi amesimama nyuma yake.

"Kwangu nukta ipo. Umeitoa wewe."

"Sijagusa kitu, mpenzi. Naitazama sasa hivi, kwangu haipo na haijawahi kuwepo."

"Ipo. Ninaiona kwa macho yangu."

"Basi imepotea faili ilipotoka kwako kuja kwangu. Nakutumia picha."

Picha ikafika. Bosi akakohoa. Mwanamume akatamka neno ambalo angelipa chochote kulirudisha.

"Picha hutengenezwa. Na faili si gunia lililotoboka, kitu kidondoke njiani."

Mwanamke akashusha sauti.

"Miwani. Njoo uangalie. Njoo tu, tukae tuangalie pamoja."

"Niangalie nini? Kosa lako, likubali."

Hakwenda. Ile sahihi aliikumbuka, tusidanganyane, aliikumbuka siku hiyohiyo na akaifungia kwenye faili la karatasi. Hospitali ikaambiwa kosa ni la mpanga bodi. Simu alizopiga mwanamke zikalia wiki mbili bila kupokelewa, kisha zikakoma. Kazi nazo zikakoma, kwa kuwa nani atampa kazi mtu aliyezima king'ora cha watoto njiti?

Miezi minne baadaye karakana ikampata mpanga bodi mwingine, mzee mmoja mwenye upara, mwenye programu kama ya yule mwanamke. Wakalaza karatasi za kazi mpya mezani. Mzee alisoma, mwanamume akatia tiki.

"Hapa simama," mzee akasema. "Hii nukta kwangu haipo."

Mwanamume akaiangusha kalamu. Akazunguka meza, akainama kwenye kompyuta ya mzee. Kweli haikuwepo. Nyaya mbili zilikatana bila alama, kama kwenye kile king'ora, na hakuna onyo lolote lililotokea.

"Programu hizi zina tabia hiyo," mzee akasema. "Nyaya mbili zikikatana kama njia panda, nukta huwa zinaitupa faili linapohama. Ndiyo maana tunakagua. Kijana, unaumwa?"

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa hospitali: kosa ni langu, nilitia sahihi ukurasa ambao sikuukagua. Nakala akaikunja, akapanda basi vituo viwili.

Mama mtu alifungua mlango, akamtazama kwa huzuni. "Karibu, mwanangu. Yuko ndani, anafunga mizigo."

Mwanamke alikuwa amepiga magoti sakafuni, amevaa fulana ya zamani na kanga kiunoni. Amekonda. Alikuwa amepata kazi ya kuuza simu mji mwingine, na basi la kwenda huko ni kesho asubuhi. Aliisoma barua mara mbili.

"Asante," akasema. "Hii itanisaidia."

"Nisamehe, kipenzi. Nilikosea. Wewe ulisema kweli."

"Nimekusamehe zamani. Faili ilitudanganya wote wawili, hilo nililijua."

"Basi usiende. Twende kwa wazee kama tulivyopanga."

Machozi yalimtiririka mwanamke, wala hakuyaficha.

"Ninakupenda, Miwani, na sitakuficha. Ila siku ile sikukuomba uniamini. Nilikuomba uje uangalie. Ni vituo viwili."

Mwanamume alihesabu moyoni. Vituo viwili, na alikuwa na nauli, na alikuwa na miguu. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekipokea.

Mwanamke alijifuta uso kwa pindo la kanga, akarudi kwenye sanduku. Lilikuwa limejaa mno, zipu haikutani.

"Nikandamizie hapa," akasema.

Mwanamume akapiga magoti kando yake, akakandamiza kwa mikono yote miwili, mpaka likafungika.