Aliyeomba Hewa

Jua lilikuwa linazama, nanga nayo ikagoma kutoka kwenye matumbawe. Wageni sita walikwisha kuchoka na kutapika. Walitaka kwenda zao.

"Tukate kamba tuondoke," nahodha akamwambia dada yake, mwalimu wa kuzamia.

"Nanga ya tatu mwaka huu, kaka? Dakika tano tu." Akajifunga mtungi wake wa hewa mgongoni, akazama.

Nanga ilikuwa imenasa kwenye mlango wa pango. Alipoishika tu, akaguswa begani.

Mzamiaji. Miwani imejaa ukungu. Akapitisha kiganja shingoni: hewa imekwisha.

Mwalimu alikuwa amefundisha kuzamia miaka kumi na mmoja. Mkono ulitangulia akili. Akachomoa mpira wake wa akiba wa kupumulia, akampa. Yule mtu akauuma kwa pupa. Akavuta. Akavuta...

Mapovu hayakutoka.

Kisha ladha ikamjia mwalimu mdomoni, kupitia mtungi uleule. Samaki aliyeoza. Kohozi. Hewa yenyewe ilikuwa vuguvugu, kama imetoka kifuani mwa mtu. Akatapika hapo hapo majini. Vijisamaki vikaja mbio kula. Vilipomaliza matapishi yake vikahamia shavuni kwa mwenzake, vikambandua ngozi, laini kama utando wa uji uliopoa.

Yule mtu hakushtuka.

Mwalimu akaupokonya mpira wake. Ukaja na ufizi, meno mawili bado yamesimama.

Akapanda juu roho mkononi. Kaka akamvutia chomboni, akauona mpira ule, akafumba macho.

"Umempa?" akanong'ona, wageni wasisikie.

"Nimempa. Ni nani yule?"

"Mwalimu aliyekutangulia kwenye chombo hiki alimnyima mteja wake hewa, akapanda peke yake. Mwili wa mteja hatukuupata."

"Na hukuniambia!"

"Ungekubali kazi?"

Dada akameza mate machungu. "Basi nimemtendea wema. Si atapumzika?"

Kaka akakata kamba ya nanga. Akawasha injini.

Mwalimu alitupa ule mpira baharini, akabadilisha mtungi, akapiga mswaki hadi damu ikatoka. Asubuhi mumewe aliinama kumbusu kabla ya kwenda kazini, akarudi nyuma ameziba pua.

"Mke wangu... umekula nini?"

Akafunika mdomo kwa kiganja, aibu ikimchoma. Akashusha pumzi taratibu, ajinuse.

Hakuna kilichotoka.

Alikuwa anatoa pumzi, na nyuma ya ulimi wake kulikuwa na kitu kinachoivuta.