Fomu za Darasa la Ushonaji

Nyumbani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa anasoma ushonaji chuoni. Jioni moja mama yake alimkuta akifunga kingo za sketi kwa mkono.

"Kwani chuoni hamna ovaloki, mashine ya kufungia kingo?"

"Ipo moja, mama, tena mbovu. Tuko thelathini. Na mtihani wa vitendo unataka ovaloki. Imebaki miezi mitatu tu."

Mama aliingiwa na hofu. Alikwenda kumwita jirani yao, mtunza stoo wa chuo.

"Ajabu," jirani alisema. "Wanafunzi wa ufundi bomba walilalamika, wakapata vifaa vipya. Wa umeme vilevile. Ninyi wa ushonaji, fomu zenu za maoni husema mnaridhika na kila kitu. Sasa mkuu wa chuo awanunulie nini?"

Sindano aliinamisha kichwa. "Tunampenda mwalimu wetu. Tuliogopa tukiandika mabaya, ataonekana hafundishi."

"Mwanangu," jirani alimwambia, "fomu ina sehemu mbili. Kwenye sehemu ya mwalimu, msifuni hata mchoke. Kwenye sehemu ya vifaa, andikeni kilichopo, kisichopo, na mko wangapi. Wala huandiki jina."

Wiki hiyo fomu ziligawiwa tena. Sindano akawaeleza wenzake.

"Utamponza mwalimu," mmoja alisema.

"Mwalimu ameshafaulu zamani. Tutakaofeli ni sisi."

Namvulia kofia binti huyu. Kusema kasoro za darasa la mtu unayempenda kunataka moyo. Wote thelathini waliandika jambo moja: ovaloki ni moja, ni mbovu, na sisi ni thelathini.

Mwezi haujaisha, zikaletwa ovaloki tatu. Mwalimu akamwita Sindano.

"Wewe ndiye uliyeanzisha?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Miaka sita naandika barua kuomba mashine hizi. Kila mara najibiwa kwamba wanafunzi wangu wanaridhika." Akamvutia kiti. "Kaa. Anza wewe."

Walifanya mazoezi kwa zamu, hata saa za mapumziko. Mtihani ulipofika, darasa zima lilifaulu.

Siku hizi mwalimu huzigawa fomu mwenyewe. "Andikeni kweli," huwaambia. "Msinihurumie tena."