Mguu wa Matonya na Kibaba cha Mtama

Ilikuwa Mlali, enzi za Mdachi, reli ikiwa bado haijafika Dodoma. Kiangazi kile mto ulikauka, ukabaki mchanga mtupu. Watu walichimba kisima kirefu mtoni. Vijana walisimama kwenye vidato ndani ya kisima, mmoja chini ya mwingine, wakipokezana vibuyu vya maji mpaka juu. Kila kaya ilitoa kijana mmoja. Kaya isiyotoa kijana, ng'ombe wake walikunywa mwisho, maji ya tope.

Kaya ya Mzee Sila ilimtoa Matonya, mwanawe wa pekee. Yeye alisimama chini kabisa. Kisha akashikwa na homa kali. Homa ilipoondoka, mguu wake wa kulia ulibaki umelegea.

"Amepona," Mzee Sila aliwaambia majirani. "Nitawaonyesha." Akamfunga Matonya njuga miguu yote miwili, kama mtu anayekwenda ngomani. "Haya, cheza!"

Matonya alipiga miguu chini. Njuga za kulia zililia zaidi kuliko za kushoto.

"Mnasikia?" baba yake akafurahi. "Mguu uliougua ndio wenye nguvu! Kesho anashuka kisimani."

Raheli, mke wa Matonya, hakufurahi. "Baba, mbona anajikwaa kwenye kizingiti?"

"Anakutazama wewe, hatazami njia!" akasema jirani yao Yotham. Watu wakacheka.

Siku hiyo Bi Mwanne alikuwa amepita kuuza chumvi. Alikuwa mjane kutoka Mpwapwa. Marehemu mumewe aliuguza wapagazi wa misafara, naye akajifunza kazi ile kwake.

"Mzee Sila," alisema, "hiyo si nguvu. Mguu unaanguka wenyewe, pwa! Kifundo hakiushiki. Ndiyo maana njuga zinapiga kelele."

"Umejuaje?"

"Nimeosha miguu ya wapagazi mpaka mikono imeota sugu. Nipeni kigoda, mfuko, mtama na kibaba cha kupimia."

Alimketisha Matonya, akamfunga mfuko wa mtama karibu na vidole vya mguu wa kushoto. "Inua vidole. Kisigino kibaki chini." Mguu uliinua kibaba kimoja, viwili, hata vitatu. Kisha akahamishia kibaba kimoja mguu wa kulia. Mfuko ukapanda.

"Ameinua!" akapiga kelele Yotham.

"Ameinua goti," akasema Bi Mwanne. Akaushika muundi wa Matonya, pale chini ya goti, kwa mikono miwili. "Sasa rudia."

Mguu ulitetemeka. Mfuko haukusogea. Bi Mwanne alimwaga mtama kidogo, akamwaga tena, mpaka ikabaki konzi moja, ya kujaa kiganja tu. Hapo vidole vikainuka.

Hakuna aliyecheka. Mzee Sila aliangalia konzi ile. "Kesho angeanguka kisimani, nikamzika mwanangu," alisema polepole. "Mguu umekufa?"

"Haujafa. Umeinua konzi. Kila asubuhi ainue konzi hiyo, apumzike, ainue tena. Akichoka aache. Mkimlazimisha, atarudi nyuma. Kila mwezi ukiandama, pimeni miguu yote miwili, ule mzima kwanza. Kigoda kiwe kile kile, iwe asubuhi kabla ya kazi. Na mfungeni ukanda wa ngozi kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, mguu usiburuzike."

Leo tunajua kwamba homa nyingine huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno. Baadhi ya virusi hivyo huweza kudhuru mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Bi Mwanne hakuvijua virusi. Lakini alijua kupima, na hakukisia.

Ng'ombe wa Mzee Sila walikunywa mwisho, wakakonda. Yotham hakuacha maneno. "Mtu mzima anapimiwa mtama kama kuku!"

"Kuku angekuwa ameshaula," Matonya akajibu. "Mimi bado nauinua."

Mwezi mmoja kipimo kilishuka. Raheli alimtazama mumewe. "Ulilima kwa siri. Mguu umekusema." Matonya akaona haya, akapumzika. Mwezi uliofuata nguvu zilirudi, zikazidi. Tangu hapo Mzee Sila mwenyewe ndiye aliyeshika muundi wa mwanawe wakati wa kupima, wala hakukubali mwingine aushike.

Kiangazi kingine kikaja. Sasa mguu wa kulia uliinua vibaba viwili, wa kushoto vitatu. Matonya alikwenda kisimani na ukanda wake. Vijana wakampisha ashuke mahali pake pa zamani.

"Hapana," alisema. "Chini panataka miguu miwili iliyo sawa. Wangu wa kulia bado. Nipeni kidato cha juu."

Yotham alimtazama, kisha akaingia kisimani na kushuka mpaka chini kabisa. Kibuyu cha kwanza kikapanda, mkono kwa mkono, kikafika kwa Matonya. Akakipokea bila kuyumba, akakitoa nje. Mzee Sila akamimina maji kwenye birika la kunyweshea mifugo. Yalikuwa meupe, si ya tope. Ng'ombe wake wakainamisha vichwa, wakanywa pamoja na ng'ombe wa wenzao.