Mchora Mawingu na Sahani Nyeupe

Mume wangu huchora mawingu ndani ya nyumba. Msicheke, ndiyo kazi yake. Watu humwita wanapotaka dari ifanane na mbingu. Hulala chali juu ya jukwaa la mbao, na anga inatoka polepole kwenye ncha ya brashi. Ukikaa chini ukamwangalia, unasahau ulichokuja kufanya. Mafundi wenzake wanamwita Mawingu. Hata mimi namwita hivyo.

Safari hii alipata dari ya ukumbi mkubwa. Katikati inainuka kama bakuli lililopinduliwa. Mafundi wanapaita kuba. Kulifikia, lazima upande ngazi nyembamba.

Mawingu alijaribu. Ngazi ikalia, goti likamuuma, akashuka akihema. Daktari alikwisha kumwambia apunguze uzito. Msimamizi wa kazi naye hakuficha. "Kuta zikiisha kupakwa rangi na wewe bado huwezi kupanda, kuba nampa fundi mwingine."

Jioni ile Mawingu alikaa mlangoni. "Mke wangu, mbingu isiyo na katikati ni tundu tu," alisema. Roho iliniuma.

Akaanza kujinyima. Asubuhi hanywi hata chai. Usiku tunakula kidogo. Mchana tu ndipo anakula mgahawani, karibu na ukumbi. Lakini wapi! Mzani haukusogea.

"Mwili umenigomea," alisema.

Nikamwita mdogo wangu, mtaalamu wa lishe kwenye zahanati. Mchana tukamfuata Mawingu kazini. Alishuka jukwaani macho yamelegea.

"Shemeji, leo nimechora wingu kama mkate," alisema. "Kidogo nilile."

Mgahawani aliagiza haraka haraka: saladi iliyojaa mayonezi, viazi vya kupondwa, kuku wa sosi ya krimu, na maziwa yenye sukari.

Mdogo wangu akakodoa macho. "Shemeji, mbona sahani yako imevaa kama bibi harusi?"

"Nachagua vyepesi," alijibu kwa fahari. "Rangi nyeusi inaifanya dari iwe nzito. Nyeupe inaipandisha. Na chakula hivyo hivyo."

Jamani! Miaka yote naishi na mtu huyu, sikujua. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Rangi haikwambii kitu hapa," mdogo wangu alisema. "Mayonezi imejaa mafuta. Krimu nayo. Viazi hivi vimepondwa na siagi. Mafuta kidogo tu yana kalori nyingi. Kalori ni nguvu iliyo ndani ya chakula. Usipoitumia, mwili unaiweka akiba, nawe unanenepa."

"Kwa hiyo nisile mgahawani?"

"Kula, ila uliza kwanza. Kimekaangwa au kimechomwa? Sosi iletwe pembeni, uchovye kidogo. Mboga zijaze nusu ya sahani. Wali au viazi, robo tu. Kinywaji, maji. Wakikuletea chakula kingi, nusu wakufungie uende nayo nyumbani."

"Watanicheka!"

Mhudumu alikuwa amesimama pale pale. "Wewe sema tu, kaka," alisema. "Jikoni hawajui usilowaambia."

"Na asubuhi?" nikauliza.

"Asubuhi ale, dada. Akija hapa na njaa kali, ataagiza jiko zima."

Kesho yake Mawingu alikula yai na kipande cha mkate, akanywa chai bila sukari. Mchana aliagiza samaki wa kuchoma, mboga nyingi na viazi vichache vya kuchemsha. Akanitumia ujumbe: "Sahani ya leo ina rangi zote, kama jua linapozama."

Siku nyingine alinung'unika. Siku nyingine mayonezi ilimshinda. Kilo zilipungua taratibu, kama rangi inavyokauka wakati wa mvua. Lakini zilipungua.

Kuta zikaisha. Msimamizi akaja, akasimama mikono kifuani. Mimi nilishika ngazi kwa mikono miwili.

Mawingu alipanda. Hakuhema. Akapotea ndani ya kuba. Nikaogopa.

"Ni goti?" nikaita.

"Hapana." Sauti yake ilishuka laini, kama ya mtu anayeota. "Huku hajawahi kufika mtu na brashi. Ni kweupe kote. Nipe buluu, mke wangu."

Nikalifunga kopo la buluu kwenye kamba, naye akalivuta juu.