Chati Yenye Kitambaa cha Kijani

Kila siku nikitoka shule, kabla sijagusa kitabu, mimi hushona magunia. Mama huuza makaa hapa Silanga, karibu na bwawa, na gunia kwake si kitu cha kutupa. Makaa yakiisha, gunia hurudi kwenye lori likajazwe tena. Ili magunia yasichanganyike, kila muuzaji hushonea kitambaa cha rangi yake kwenye pembe. Cha Mama ni cha kijani, kimekatwa kutoka leso yake kuukuu. Ukiuliza gunia lenye kijani ni la nani, hata mtoto mdogo atakuambia, "Hilo ni la Mama Amolo." Amolo ni mimi.

Darasani pia hatuachani na magunia. Chati za karatasi huloa paa likivuja, kwa hivyo Mwalimu Kavindu, anayetufundisha Kiingereza, alituonyesha jinsi ya kufua gunia, kulipaka uji wa unga, kisha kulichora kwa rangi likishakauka.

Muhula huu Mwalimu alinichagua niwakilishe shule yetu katika siku ya lugha kule Kawangware. Kila shule ilipaswa kupeleka mwanafunzi mmoja na chati moja, afundishe jambo moja mbele ya waamuzi. Mshindi angepelekwa kwenye kambi ya wanafunzi Naivasha wakati wa likizo. Mimi sijawahi kulala nje ya Silanga. Niliitaka kambi hiyo mpaka nikaiota.

Nilichagua jambo lililokuwa limenitesa mimi mwenyewe: kusema mambo yajayo kwa Kiingereza. Sisi tunasema itanyesha, lori litakuja, nitakubebea, yote kwa "-ta-" moja. Kiingereza kinakutaka uchague. Nilikuwa nabandika "will" kila mahali, na daftari langu likajaa wino mwekundu.

Siku moja, nikiwa na Mama kwenye makaa, nikaelewa kwa kuangalia tu. Wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya bwawa, dalili inaonekana kwa macho: "It is going to rain." Mama akapatana na dereva wa lori kwa simu, siku ikapangwa: "The lorry is coming on Saturday." Kisha mzee Oyoo, mteja wetu, akashindwa kuinua gunia lake, nami nikaamua papo hapo: "I will carry it for you." Nikayachora yote matatu. Kwenye gunia la mzee Oyoo sikusahau kuchora kile kitambaa cha kijani.

Mtu wa kwanza kuiona chati hiyo alikuwa Jael. Jael alikuwa jirani yetu tangu tukiwa wadogo, amekula ugali kwetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwaka jana mama yake alipata chumba Kabiro, Kawangware, wakahama, lakini bado huja kanisani kwetu Jumapili.

"Sasa, Amolo! Hii ndiyo chati kila mtu anaongelea?"

"Ndiyo hii. Keti nikufundishe, nione kama utashika."

Nikamfundisha kila kitu. Akauliza maswali, nikamjibu yote. Mwishoni akaipiga picha kwa simu ya mama yake.

"Ya nini tena?" nikauliza.

"Ya kujivunia! Si wewe ni beshte yangu? Aki utashinda. Nitakuombea."

Siku hiyo nilishinda nikitabasamu kama mjinga.

Siku ya mashindano, nilimwona Jael kwenye mstari wa washiriki, amevaa sare ya shule yake mpya. Hakuwa ameniambia kwamba anashiriki. Nilimpungia mkono kwa furaha, akajifanya anafunga kamba za viatu. Hata hapo sikushtuka.

Jina lake liliitwa kabla ya langu. Akaikunjua chati yake. Wingu juu ya bwawa. Mama mwenye simu. Mzee na gunia. Alifundisha kama nilivyomfundisha, neno kwa neno. Hata mzaha wangu wa daftari lililojaa wino mwekundu aliutumia, na watu wakacheka. Mtu nisiyemjua akiniibia nitapiga kelele, lakini huyu alikuwa Jael, nikabaki nimeikumbatia chati yangu.

Zamu yangu ikafika. Nilipoikunjua chati, minong'ono ikazagaa ukumbini. Mwamuzi mkuu, Madam Wangoi, alivua miwani.

"Msichana, hii chati tumeiona sasa hivi. Umeinakili kwa mwenzako?"

"Hapana, Madam. Ni yangu."

"Kila mtu husema hivyo."

Nikamtazama Jael. Nilichotaka ni aseme neno moja tu. Akainamisha kichwa. Wizi ulikuwa umeniuma, lakini kule kunyamaza kwake kulinikata zaidi. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote, na nilimchukia kwa hilo pia.

Mwalimu Kavindu alisimama. "Madam, naomba uzitazame chati zote mbili kwa makini kabla ya kumhukumu mtoto."

Madam Wangoi alizitandaza mezani, akapitisha kidole polepole. Kidole kikasimama kwenye pembe ya gunia la mzee Oyoo, kwanza kwenye chati yangu, kisha kwenye ya Jael. Jael alikuwa amenakili mpaka kile kitambaa cha kijani.

"Jael, njoo. Hiki cha kijani ni nini?"

Angeweza kusema ni jani. Angeweza kusema rangi ilimwagika. Nani Kawangware angembishia? Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ni alama ya Mama Amolo," akasema. "Ya magunia yake."

"Mama Amolo ni nani?"

"Ni mama ya huyu. Chati ni yake, Madam. Nilipiga picha nikachora."

Jael aliondolewa mashindanoni, nami nikaruhusiwa kufundisha. Nilianza vibaya, nikisahau maneno, mpaka nilipofika kwa mzee Oyoo ndipo nikapata nguvu. Mvulana mmoja aitwaye Kiarie alishinda, nami nikawa wa pili, nikapewa kamusi. Ni kamusi nzuri. Lakini Naivasha haikuwa yangu tena, na sitadanganya kwamba haikuniuma.

Jumapili, baada ya kanisa, Jael alikuja kwetu. Nilikuwa nikishona gunia na sikuinua macho.

"Amolo, aki nisamehe. Huko shuleni walikuwa wananicheka kwa ugeni wangu. Nikajitolea kushiriki ili waniheshimu, halafu nikakosa la kufundisha."

"Ungeniuliza, tungetafuta pamoja," nikasema. "Ulisema utaniombea, Jael. Kisha ukaniacha niitwe mwizi."

Alilia. Mama, aliyekuwa akipima makaa, alipangusa mikono na kuketi kati yetu.

"Jael, kusema ukweli mbele ya watu wote si kazi rahisi, na umeifanya. Lakini ulichelewa, na mwenzako ameumia. Mtu akinirudishia gunia langu tupu, nitalipokea. Makaa yaliyokuwa ndani hayarudi hivyo. Yatajazwa tena kidogo kidogo, na ni wewe utakayejaza. Usimharakishe."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, kuwa na uchungu si dhambi. Lakini usimfungie mlango mtu aliyekuja kurudisha."

Akaingia ndani, akatoka na gunia lililofuliwa na vipande vya nguo kuukuu, akaviweka mapajani mwa Jael.

"Chagua rangi yako. Chora kazi yako mwenyewe, hata ikiwa mbaya. Ukishona alama yako, hakuna atakayekuuliza ni ya nani."

Jael alichagua cha manjano. Alihangaika na sindano, uzi ukikataa kupita. Bado nilikuwa na hasira. Kisha nikasogea, nikamshikia pembe ya gunia ashone.